Gari Lililoguna Njia ya Makaburini

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimepewa nzima nami naitoa nzima. Nikiongeza chumvi mahali, Mungu anisamehe, maana hata bila chumvi yenyewe ni chungu.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani, upande wa Rungwe, kule ambako mvua ikija haiagi, walikuwako watu watatu, na kila mmoja Mwenyezi alimpa chake.

Wa kwanza aliitwa Subilaga, mke wa Gwamaka, muuza mchele sokoni. Huyu alipewa mikono. Mpe debe alinyanyue kidogo tu, atakuambia limepungua au limezidi, na mzani ukiletwa unakuwa shahidi wake. Wenzake sokoni walimwita Mama Mizani, wengine kwa sifa, wengine kwa kijicho.

Wa pili ni Asajile, mwalimu wa kwaya. Huyu alipewa masikio. Kwaya nzima ikiimba kwa nguvu zote, yeye ananyoosha kidole: "Wewe wa nyuma pale, umeteleza." Na kweli ameteleza. Kinanda cha kanisa kikiharibika, watu walikuwa wakichukua noti kutoka mdomoni mwake.

Wa tatu ni Ambakisye, fundi wa magari. Huyu alipewa vidole. Bolti aliyoikaza yeye haikulegea, na chuma alichokichonga kiliingia mahali pake kama kimezaliwa hapo. Ndiye aliyekuwa fundi na dereva wa gari la chama cha kuzikana, na watu walimheshimu, kwa sababu siku moja ndiye atakayempeleka kila mmoja wao.

Sasa niwaeleze habari za hilo gari. Lilikuwa kuukuu, refu, lenye mabenchi mawili ya pembeni na nafasi ya jeneza katikati. Zamani lilikaa juu. Kulipakia jeneza mpaka wabebaji wanyanyue mikono kupita mabega, na vijana wenye mabega walikwisha kwenda mijini kutafuta maisha. Waliobaki kubeba ni wazee na akina mama. Siku moja jeneza la mzee wa kanisa likawaponyoka, likagonga chini mbele ya watoto wake. Aibu ile haikuwa na maneno. Mwenyekiti wa chama, Mwakibete, akamwita fundi.

"Ambakisye, gari hili lishushe. Lije chini mpaka bibi kizee aweze kulipakia."

Ambakisye akalishusha. Akaweka vipande vya chuma kati ya ekseli ya nyuma, kile chuma kinachobeba magurudumu, na springi zilizofungwa chini yake, bodi likakaa chini. Akina mama wakalisifu, wakasema sasa gari linapiga magoti kumpokea marehemu.

Na mji ule una desturi yake, ishikeni vizuri. Wanaopanda na jeneza kwenda makaburini hawarudi na gari. Wakishazika, hushuka mlima kwa miguu, wasije wakarudisha mauti nyumbani. Dereva hurudi peke yake. Wala hakuna mtu mzima wa akili anayepanda gari lile siku isiyo ya msiba, hata mvua imnyeshee na njia iwe moja.

Baada ya kushushwa, gari likaanza kuguna. Siku nyingine lilipanda mlima kimya kabisa. Siku nyingine, likifika pale mlima unapokaza, sakafu ilitetemeka, na kutoka chini ya jeneza ikaja sauti nzito, mmm-mmm-mmm, kama ya mtu anayetaka kusema na mdomo umefumbwa. Waliokaa kwenye mabenchi waliisikia nyayoni kabla ya masikioni.

Ambakisye akalijaribu siku ya kawaida, tupu, kwenye tambarare. Halikuguna. Akawaita mafundi wenzake, nao wakalijaribu, tupu vilevile. Halikuguna. Basi watu wakajijibu wenyewe: kama gari ni zima, anayeguna ni aliyebebwa.

Ikawa ndiyo hukumu ya mji. Aliyepanda kimya alikuwa mtu wa Mungu. Aliyeguna, ameondoka na neno.

Wa kwanza kuguna alikuwa mume wa Sekela, muuza ndizi. Matanga hayajaisha, Sekela akaja sokoni kununua mchele wa kulisha wageni. Subilaga akampimia, akina mama wamesimama, wanasikiliza.

"Jaza vizuri, Mama Mizani. Watu ni wengi nyumbani."

"Ningejaza, dada," Subilaga akasema, "ila wa kwako naona bado ana njaa ya kusema. Huyo hata wali haumtoshi."

Soko zima likacheka. Sekela akabeba mchele wake, akaondoka. Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma kanisani, na mbele hakurudi tena.

Halafu akafa Bibi Tusekile, kizee mpweke asiye na mtoto wala mjukuu. Gari likampandisha kimya kama limebeba pamba. Mji mzima ukasema, mnaona? Huyo ndiye mtakatifu.

Halafu akafa Gwamaka.

Alianguka shambani asubuhi, baada ya kula, hakuamka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa moyo, besi wa kwaya, hana adui. Siku ya maziko ndugu walijaa kwenye gari lile mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Wengine walipanda juu ya magoti ya wengine, kila mmoja anataka kumsindikiza. Na pale mlima ulipokaza, gari liliguna kuliko lilivyopata kuguna. Jeneza lilitetemeka. Mashada ya maua yalitetemeka.

Asajile alikuwa kwenye benchi, machozi yamemjaa. Akasema kwa mapenzi, maana alimpenda marehemu: "Sikilizeni. Hiyo ni besi ya Gwamaka kabisa. Noti yake ileile."

Neno hilo halikulala. Asubuhi lilikuwa kisimani: Gwamaka kaimba jenezani. Mchana lilikuwa sokoni: hakuimba, alitaka kutaja mtu. Lilipofika kwa mama yake mzazi, tayari lilikuwa na sahani ya chakula ndani yake, na mkono wa mke aliyeipakua.

Matanga yalipoisha, Mwakibete akaja jikoni kwa Subilaga. Nimesema ni mwenyekiti wa chama. Alikuwa pia kaka mkubwa wa Gwamaka.

"Shemeji, hatukufukuzi."

"Bali?"

"Mama hana raha ukishika chungu. Ukae pembeni kwanza, hadi moyo wake utulie."

Subilaga akapanga chumba nyuma ya soko. Binti yake Bupe akabaki kwa bibi. Aliruhusiwa kumtembelea mama yake, ila alikatazwa kula chochote kilichopitia mikononi mwake.

Jumamosi Bupe akaja. Subilaga alikuwa amepika wali kwa maharage, ule wenye nazi kidogo anaoupenda mtoto. Akampakulia. Bupe akaweka mikono nyuma.

"Nimeshiba, mama."

Na tumbo lake likanguruma, wote wawili wakalisikia.

Subilaga hakumlazimisha. Alifunika sahani kwa sahani, akakaa akiitazama. Mikono hii, alijiambia, ndiyo Mungu aliyonipa, na mwanangu anaiogopa. Akalia, akaomba. Na katika kuomba, badala ya jibu, akaletewa uso wa Sekela siku ile sokoni.

Akaenda. Alimkuta Sekela anamenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo dada."

Sekela hakuitikia. "Umekuja kunipimia tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa sababu wako naye ameguna. Angepanda kimya ungekuja?"

Subilaga alitaka kusema ndiyo. Lakini mtu anayetoka kuomba hawezi kutoa uongo upesi hivyo. "Nisingekuja," akasema.

Sekela akamenya ndizi nyingine, akaitupa kwenye maji. "Angalau hujanidanganya. Radhi sina ya kukupa leo. Una jingine?"

"Mumeo siku ile, walipanda akina nani?"

"Walipanda wote. Ukoo wake, ukoo wangu, wauza ndizi wa barabara nzima. Walibanana kama kuku wa mnada. Na ndiyo inayoniuma, Subilaga. Alipendwa, aliondoka na watu, halafu mkasema ana neno. Bibi Tusekile tulimsindikiza watatu: mimi, mzee mmoja wa kanisa, na dereva. Basi. Benchi zima tupu. Huyo ndiye mkamwita mtakatifu."

Subilaga aliinamisha kichwa. Mikono yake ikafunguka yenyewe mapajani, kama imepewa kitu iinyanyue.

"Sekela," akasema polepole. "Ni uzito."

"Nini?"

"Gari lile linaguna kwa uzito. Mwenye watu wengi anaguna. Asiye na mtu anapanda kimya. Na mafundi hulijaribu likiwa tupu, kwa kuwa hakuna aliye hai anayekubali kulipanda."

Sekela aliacha kisu. "Kwa hiyo mume wangu ameguna kwa kupendwa," akasema, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Subilaga akaenda kwa Asajile.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesema ni sauti ya mume wangu."

"Mama Bupe, Mungu anajua sikukusudia..."

"Anajua. Mimi nataka uende ukaisikilize tena. Safari hii bila machozi masikioni."

"Niisikilizie wapi?"

"Inakotokea. Pale pa jeneza."

Asajile alikuwa amechumbia binti wa watu. Alijua watakavyosema mashangazi wa binti wakisikia amelala mahali pa maiti. Hata hivyo akachukua kofia yake.

Wakaenda kwa Ambakisye. Fundi aliposikia neno uzito, spana ikamtoka mkononi. Subilaga aliliona hilo, akalinyamazia.

Kwa kuwa watu walio hai hawakupatikana wa kupanda, Subilaga alileta magunia yake ya mchele, mtaji wake wote, akayapakia kwenye mabenchi mchana kweupe, soko zima linatazama.

"Mama Mizani amechanganyikiwa," mmoja akasema. "Anauzika mchele."

"Na mchele nao umeondoka na neno?" akadakia mwingine, wakacheka.

Asajile akalala katikati, kifudifudi, sikio kwenye chuma cha sakafu. Ambakisye akakamata usukani. Subilaga akakaa na magunia yake. Wakapanda.

Mlima ulipokaza, likaanza. Mmm-mmm-mmm. Subilaga alifumba macho. Ni sauti ileile iliyomsindikiza mume wake, na sasa inausindikiza mchele.

"Endelea!" Asajile akapaza sauti kutoka chini. "Usipunguze!"

Walipofika juu wakageuza. Katika kuteremka, Asajile akasema, "Fundi, toa gia. Injini inyamaze." Ambakisye akatoa gia, gari likaserereka lenyewe. Mguno ulipungua, haukuisha.

"Injini imenyamaza, huyu bado anasema," Asajile akasema. "Si injini. Wala si magurudumu. Gurudumu linazunguka taratibu, hiki kinapiga haraka kulipita, mara tatu na zaidi. Tena hakiko mbele, hakiko nyuma. Kiko hapa, kiunoni pa jeneza."

Wakarudi chini. Subilaga akashusha gunia, wakapanda tena, linaguna. Akashusha jingine, kisha jingine, hadi safari moja gari likapanda kimya. Akarudisha gunia moja tu. Likaguna.

Alilipiga kofi gunia lile. "Huyu hapa," akasema, na kicheko chake hakikuwa kizuri kusikia. "Mtu mzima mmoja. Mashemeji zangu wachache wangebaki nyumbani siku ile, mimi ningekuwa kwangu."

Ambakisye akainua gari kwa jeki, akaingia chini. Chini kuna shafti, ule mti wa chuma unaozunguka, unaopeleka nguvu kutoka gia boksi mbele mpaka difu nyuma, pale nguvu inapogawiwa magurudumu. Una viungo mwisho huku na mwisho huku, na viungo hivyo vinataka kukunjwa sawasawa; kimoja kikikunjwa kuliko mwenzake, shafti haizunguki kwa utulivu, inatupa. Gari kushushwa kulikuwa kumeihamisha difu, pua yake ikatazama pasipo pake. Likiwa tupu, kasoro ilivumilika. Bodi likilemewa na watu likashuka zaidi, kiungo kilikunjika kupita kiasi, na mlima ukidai nguvu, shafti ikatetemeka. Hiyo ndiyo besi ya Gwamaka.

Fundi alikaa chini kule muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka hakumtazama mtu.

"Siku ile nalishusha," akasema, "nilijua inatakiwa kabari. Kabari mbili za chuma, kulia na kushoto, za kuilaza difu irudi mkao wake. Lakini kulikuwa na msiba mchana uleule, mwenyekiti anapiga honi mlangoni. Nikasema nitaziweka kesho."

"Siku wananitoa kwangu," Subilaga akauliza, "ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Mama Bupe. Nililijaribu tupu, nisilisikie, nikafurahi kutolisikia."

Subilaga alinyanyua mkono, wote wakadhani atampiga. Aliushusha. "Zichonge," akasema.

Akazichonga. Vidole vile Mungu alivyompa vilikata chuma, vikakisugua, vikapima, vikatoa, vikapunguza unywele, vikarudisha. Akabadilisha pia kiungo kilichokwisha kulika. Wakapakia magunia yote, na mwisho Subilaga akaketi juu yake. Gari likapanda mlima kimya kama siku ya Bibi Tusekile.

Jumapili, bila kuitwa na mtu, Ambakisye akasimama kanisani, akasema yote, toka kabari mpaka kunyamaza. Angeweza kusema gari lilikuwa na kasoro, akaishia hapo, nani angejua? Lakini alisema. Na alipokaa, benchi lake likawa na nafasi kubwa kushoto na kulia.

Sasa sikilizeni walivyolipwa.

Subilaga, aliyeleta magunia: hakuna aliyenunua mchele wake tena, na Bupe bado alikatazwa kula kwake. Waliuita mchele wa maiti. Ulipata wadudu kwenye magunia yaliyosafisha jina la mume wake.

Asajile, aliyelala pale: mashangazi wa mchumba walirudisha zawadi zake zote, wakazipanga mlangoni kwake mvua ikinyesha. Wakasema binti yao haolewi na mtu aliyekwisha kulala kwenye gari lile.

Ambakisye, aliyechonga na kukiri: usukani wa gari akapewa mwingine. Magari yaliyokuwa yakingoja foleni kwake yalikwenda kwa mafundi ambao hawajakiri kitu chochote maishani mwao.

Na watu wa mji? Ilipofika zamu ya msiba mwingine, ukoo ukajaa kwenye gari, mlima ukakaza, na gari halikusema neno. Waliokaa kwenye mabenchi walitazamana, wakatazama miguu yao. Mama mmoja akaanza, "Kwa hiyo siku zile zote..." Hakumalizia, na hakuna aliyemsaidia kumalizia.

Jumapili moja baada ya ibada Mwakibete akaleta mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, uwanjani pa kanisa. Mweusi, mnene, ana mimba, kamba mpya shingoni. Kwa ukoo ule, anayekabidhiwa kamba ya mtamba mbele ya watu amesafika. Hakuna wa kumnyooshea kidole tena, wala wa kukataa chakula chake. Mtamba huyo hachinjwi, hauzwi, na kamba yake haishikwi na wawili.

"Huyu," Mwakibete akasema, "ni wa yule aliyemsafisha ndugu yangu."

Sikilizeni hilo neno. Ndugu yangu. Jina la shemeji yake hakulitaja.

Asajile akasogea. "Wazee wangu, mimi nimelala mahali pa maiti ningali hai. Bila sikio langu mngekuwa mnabadilisha magurudumu hadi leo. Nikishika kamba ile, nitarudi kwa wakwe zangu mtu safi."

"Na wewe ndiye uliyesema ni sauti yake!" mtu akapiga kelele.

"Ndiyo, nilisema. Na nimelala chini kuisahihisha."

Ambakisye akasimama mbali kidogo. "Mimi ng'ombe sistahili, najua. Lakini niwaambie. Mkimwacha aliyekiri aondoke mikono mitupu, mnamfundisha kila fundi wa mji huu kunyamaza. Safari ijayo gari litaguna, na atakayejua sababu atafurahi kutolisikia, kama mimi."

Subilaga hakuwa na hotuba. Bupe alikuwa amesimama karibu na bibi yake, ameshika kitenge cha bibi. "Nilianza mimi," Subilaga akasema. "Uzito niliujua mimi, magunia yalikuwa yangu, na yameoza. Sitaki maziwa wala ndama. Nataka mwanangu ale kwangu."

Watu wakaguna, safari hii wao wenyewe. Mwakibete akanyoosha kamba kidogo upande wa shemeji yake. Subilaga alinyoosha mkono. Bado kidogo tu aishike.

"Na wangu?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma, kupitia mlango wa kanisa uliokuwa wazi. Sekela hakuwa ametoka nje na wengine. Akaja hadi kizingitini, akasimama.

"Mume wangu naye aliguna. Aliguna wa kwanza. Nani amemletea hata kuku? Huyu," akamnyooshea Subilaga kidole, "alinicheka sokoni na mchele wangu kichwani. Halafu akaja kwangu, nikamjibu. Nilikuwa na haki ya kufunga mlango, na nikamjibu. Nisingemwambia nani alipanda na nani hakupanda, huo uzito angeutoa wapi? Ninyi mnasafisha mmoja. Wengine walioguna wamelala kule juu na uchafu wenu."

Mkono wa Subilaga ulibaki hewani, kati ya kamba na mwili wake. Mikono ile iliyojua uzito wa kila kitu ilishindwa kupima. Alimtazama Sekela mlangoni. Alimtazama Bupe. Na Bupe hakumtazama mama yake. Alikuwa anautazama uso wa bibi, aone anaruhusiwa kutazama wapi.

Subilaga akaurudisha mkono.

Mwakibete akafunga kamba kwenye nguzo ya kengele. "Amueni wenyewe," akasema, akaenda kula. Na mtamba yuko pale hadi leo. Mlinzi wa kanisa anamkatia majani. Kila Jumapili watu wanapita pembeni yake, wanainua nguo wasikanyage samadi, wanaingia kuimba.

Sasa nimemaliza sehemu yangu, iliyobaki ni yenu. Yuko aliyeujua uzito, na kabla yake alicheka. Yuko aliyeisikia sauti mahali pake, na kabla yake aliisingizia. Yuko aliyerekebisha na kukiri, na kabla yake aliharibu na kunyamaza. Na yuko aliyejibu swali la mtu aliyemuumiza, ambaye hakuna aliyemkumbuka mpaka akajikumbusha mwenyewe.

Wewe uliyenisikiliza, ingekuwa ni mkono wako unaofungua kamba ile nguzoni, ungemkabidhi nani?

Sikuombi hekima nyingi, nakuomba uamue upesi. Mtamba yule anakaribia kuzaa, na Bupe bado hajala kwa mama yake.